Nimepata tiketi ya Arctic Monkeys London mwezi ujao: albamu saba, nianze na ipi?

#1 KikwajuniJuu (21 Mei 2023)
Assalaam alaykum wana jukwaa.

Dada yangu anaishi London na amenikatia tiketi ya kuwaona Arctic Monkeys, Ijumaa tarehe 16 Juni, uwanja wa Emirates. Viza imetoka, alhamdulillah. Bendi yenyewe naijua kwa wimbo mmoja tu, ule wa polepole uliojaa TikTok ambao kila mwenye kuachwa anauwekea video. Dada ndiye shabiki khasa, tangu yuko skuli. Ameshanionya nisije nikamuaibisha mbele ya rafiki zake.

Nimetazama nikaona wana albamu saba, ya kwanza 2006 na ya mwisho, The Car, ya mwaka jana 2022. Fikra yangu ni kuanza na hiyo ya mwisho nirudi nyuma, kwa sababu ziara hii ndiyo wanaitangazia. Sasa nimeisikiliza na sijalisikia gita la kutisha. Nasikia kinanda, fidla na mtu anaimba kwa sauti ya kubembeleza. Mbona watu wanasema hii ni bendi ya roki? Wenye kuijua nielekezeni. Nataka nikifika niwe miongoni mwa wanaoimba, sitaki kwenda kutazama watu wanaoimba.

#2 GoonerMichenzani
Emirates ni nyumbani kwetu sisi Arsenal. Ukifika nipigie picha ya sanamu ya Henry na uniletee skafu, pesa nakutumia leo hii.

#3 NahodhaMkokotoni
@GoonerMichenzani jana City wamechukua ubingwa bila hata kuingia uwanjani, nyinyi mkafungwa na Forest. Huo uwanja mwaka huu utapokea wapiga magita tu, kombe halina njia ya huko.

#4 DaktariWaFlashi
Waacheni na mpira wao. Yakhe, anza mwanzo uende mbele, mwaka kwa mwaka. Hawa vijana wa Manchester walianza wakiwa wadogo kabisa, na albamu yao ya kwanza ya 2005 ni magita na ngoma mbio mbio, hakuna pa kuvuta pumzi. Ukishaisikia hiyo ndo utafahamu kwa nini wanajaza viwanja. Ukianza na The Car utakata tamaa, utabakia na wimbo wako wa TikTok.

Na usiogope hizo saba. Kila moja ni kama dakika 40, zote ukizijumlisha hazifiki saa 5. Safari ya Nungwi kwenda na kurudi, na foleni ya Darajani, unazimaliza.

#5 MpembaUghaibuni
Kumradhi @DaktariWaFlashi, hao ni watu wa Sheffield, na Sheffield nzima inawajua hivo. Na albamu ya kwanza ilitoka Januari 2006. Kilichotoka 2005 ni wimbo, mwezi wa Oktoba, ukaenda moja kwa moja namba moja. Albamu yenyewe wiki ya kwanza iliuza nakala 363,735 hapa Uingereza. Kabla ya hapo hakuna bendi iliyouza hivo kwa haraka kwa albamu ya kwanza.

Mie niliwaona 2018. Wenzangu kazini walinikokota, nami nilikuwa nazijua zile za zamani tu. Wakapiga nyingi za albamu mpya ya wakati ule, Tranquility Base Hotel & Casino. Watu wa mbele wanazijua neno kwa neno, mie nimeshika koti langu nasubiri ngoma ziamke. Zilipokuja za 2006 niliruka na kila mtu, lakini nusu ya onyesho ilinipita. Kwa hivo namuunga mkono KikwajuniJuu: sikiliza za mwisho kwanza, ndizo hutozijua. Za zamani utazipokea hata usipozisoma, zina nguvu ya kukubeba.

#6 DaktariWaFlashi
Manchester na Sheffield ni Chake na Wete, pua na mdomo.

#7 MpembaUghaibuni
Katikati kuna milima ya Pennines, bwana. Na hata Chake na Wete, nenda kamwambie mtu wa Wete kuwa yeye ni wa Chake, halafu urudi hapa utupe khabari.

#8 DaktariWaFlashi
Haya, Sheffield. Lakini hoja yangu haijaguswa. Mimi kazi yangu ni kuwawekea watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi hapa Darajani, na kisa cha bendi hii nakipenda kwa sababu ni kisa cha kazi yetu. Walipokuwa hawajulikani walikuwa wakichoma CD zao wenyewe na kuzigawa bure ukumbini wakimaliza kupiga. Waliozipata wakaziweka kwenye intaneti, wengine wakashusha, wakapeana. Bendi ikipanda jukwaani mji wa mbali inakuta watu wanaimba nyimbo ambazo hazijatoka popote. Baadaye ndo wakasaini na Domino, lebo huru. Indi, yaani muziki wa lebo huru, maana yake ilikuwa hiyo, hawakupita kwenye kampuni zile kubwa.

Kwa hivo hata mashabiki wao wa mwanzo kabisa walikuja ukumbini nyimbo wamekwisha kuzihifadhi. Bendi hii imezaliwa hivo. Ndo maana nasema anzia pale pale walipoanzia wenyewe.

#9 Binti_Malindi
Mimi sikubaliani na nyote. Asisikilize kitu. Aende hivo hivo.

Miaka naingia tamasha la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, na wanamuziki walioniganda moyoni ni wale ambao nilikuwa sijawahi kulisikia hata jina lao. Unaingia, umekaa chini na shoga zako mnakula mihogo, anapanda mtu kutoka Réunion au Mali, ngoma ya kwanza tu mnasimama. Nikirudi nyumbani ndo natafuta albamu, na hapo albamu inakuwa kumbukumbu ya usiku ule. Ukiisikiliza kabla unakwenda kukagua kama wamepiga sawa na kwenye rikodi. Umejiharibia mwenyewe.

Busara toka ilipoanza 2004 sharti lake ni kupiga laivu, hakuna kuweka CD nyuma ukachezesha mdomo. Laivu ina uhai wake, muachieni mtoto aupate.

#10 FundiMitambo_Mlandege
@Binti_Malindi hilo ni sawa kwa Ngome Kongwe, ambako msanii yuko hatua chache na jasho lake unaliona. Emirates ni watu elfu sitini uwanja wa mpira ukijaa. Nitaeleza nikitoka kazini.

#11 AbuSumayya
Ndugu zangu, niikumbushe nafsi yangu na nyinyi. Muziki una maneno yake kwa wanavyuoni. Na kuna jambo moja la lazima: London mwezi wa Juni jua linazama karibu saa 3 na dakika 20 za usiku. Maghrib itakukuta katikati ya hayo magita. Umepanga nini?

#12 KikwajuniJuu
Shukran @AbuSumayya, umenikumbusha jambo la maana. Alasiri ninaiwahi nyumbani kabla ya kutoka. Maghrib nimemuuliza dada, anasema atatafuta pa kusalia humo ndani ya uwanja, tutatoka nyimbo mbili tatu. Natamani nijue zipi za kuzikosa.

#13 NahodhaMkokotoni
Kosa za The Car, umesema mwenyewe hazina gita.

#14 MaalimWaQanuni
Nimekaa kimya nikisoma. Mimi ni mtu wa taarab ya asili, haya ya roki nimeyajulia kwa mwanangu, lakini swali la kijana ni swali letu la zamani.

Nendeni kwenye onyesho la Ikhwani Safaa, ambao wako tangu 1905, au la Culture Musical Club, walioanza 1958. Mtazameni bibi anayekwenda kutunza. Hainuki ovyo. Ubeti wa kwanza amekaa, noti ameikunja kwa urefu kati ya vidole viwili. Kibwagizo kinarudi, anajitengeneza mtandio. Ubeti wa pili unapoanza anatoka kwenye kiti, anakwenda kwa mwendo wa wimbo, hana haraka, anapita mbele ya watu wote ambao anataka wamuone. Anamfikia mwimbaji ule mshororo wake ukiwa mdomoni, si kabla wala si baada. Angeupataje wakati ule kama wimbo haujui? Ameusikia redioni, ameusikia arusini, ameuimba akisonga ugali. Siku ya onyesho haendi kuujua wimbo. Anakwenda kusema lake kwa mdomo wa mwimbaji.

Kwa hivo Binti_Malindi, nakuheshimu mwanangu, lakini aendae bila kuujua wimbo amekwenda kutembea.

La pili. Huo wimbo wa TikTok mnaoudharau, maneno yake bendi haikuyatunga. Ni shairi la John Cooper Clarke, mshairi wa Salford, alilitoa kwenye albamu yake mwaka 1982. Bendi ikalichukua, ikaligeuza kidogo, ikalitilia muziki na kulifungia albamu ya AM ya 2013. Hiyo ni kazi tunayoijua: mshairi anatunga, fundi anatia sauti, mwimbaji anaimba, na watu wanadhani ni maneno ya mwimbaji. KikwajuniJuu, usiuonee haya mlango ulioingilia. Anza na AM, kisha uende kushoto na kulia.

#15 Binti_Malindi
Maalim, nimekuelewa, na huyo bibi nimemuona mara nyingi. Lakini huyo anautaka wimbo wake mmoja. Hajasikiliza albamu saba kwa mwezi kwa kuogopa rafiki za dada yake.

#16 KikwajuniJuu
Siogopi tu. Mimi nataka kwa dhati. Dada alipoondoka hapa nilikuwa mdogo, na vitu vyake vyote alivyokuwa akivipenda vilikuwa nje ya akili yangu. Alikuwa akijifungia chumbani na hizi nyimbo, mama anagonga mlango. Nikizijua zile zilizokuwa zikipigwa wakati ule nitakuwa nimemjua na yeye. Maalim, AM ninaipakua usiku huu bando la usiku likianza.

#17 MpembaUghaibuni
Kama dada yako alikuwa skuli wakati huo basi zake ni ile ya kwanza na Favourite Worst Nightmare ya 2007. Hapo @DaktariWaFlashi ameshinda kwa sababu nyengine kabisa.

#18 ChakeMpya
Jamani wa 505 ni upi? Mdogo wangu anauimba kutwa. 505 si daladala ya uwanja wa ndege?

#19 GoonerMichenzani
Ndo hiyo hiyo. Wameipandia Darajani.

#20 DaktariWaFlashi
Upo mwisho wa Favourite Worst Nightmare. Unaanza kwa kinanda tu na sauti, unapanda taratibu, magita yanafumuka mwishoni. Vijana wanaouomba kwangu sasa hivi wengi hawakuwa wamezaliwa au walikuwa wananyonya ulipotoka. Wengi wanasema 505 ni chumba cha hoteli.

#21 MpembaUghaibuni
Mie nilisikia ni nyumba aliyokuwa akikaa mwanamke aliyekuwa naye.

#22 ChakeMpya
Sasa mbona kwenye maneno yake anasema anarudi 505 hata ikiwa ni saa saba za ndege au dakika 45 za gari? Dakika 45 ni Darajani mpaka uwanja wa ndege mvua ikinyesha. Na saa saba za ndege ni baada ya kufika. Mimi kwangu ni daladala.

#23 NahodhaMkokotoni
Saa saba kutoka Zanzibar hufiki London. Labda uishie Istanbul.

#24 KikwajuniJuu
Na mimi 505 ndiyo nitakayopanda siku ya kuondoka. Huu wimbo naujua kesho asubuhi.

#25 FundiMitambo_Mlandege
Nimerudi. Nifungue mitambo kidogo kwa sababu hapa ndipo swali linapojibika.

Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde moja. Ukisimama mita 100 kutoka jukwaani, pigo la ngoma linakufikia karibu theluthi moja ya sekunde baada ya kupigwa. Kwenye skrini unaona fimbo imeshuka, sikioni bado. Ndo maana viwanja vikubwa vinawekewa spika nyengine katikati, zinacheleweshwa kwa makusudi ili zikutane na zile za mbele. Juu ya hapo uwanja wa mpira ni bakuli. Besi inazunguka majukwaani na kurudi, na vitu vidogo vinazama humo: vidole kwenye kinanda, fidla za chinichini, mwimbaji anaponong'ona.

Sasa angalia albamu zao. AM ngoma zake ni nzito na za polepole, kuna nafasi kati ya pigo na pigo, makofi, sauti nyembamba za nyuma. Hiyo imekaa sawa na uwanja, utaisikia yote. Albamu ya kwanza ni mbio sana, kwa mbali itakuwa mvumo, lakini hutojali kwa sababu watu elfu wanaokuzunguka watakuwa wanaiimba na wao ndio spika zako. The Car na Tranquility Base ndizo zitakazopotea. Zile fidla zilipangwa kwa chumba, na uwanja haubakishi hata robo yake.

Kwa hivo jibu langu: hizo mbili zisikilize nyumbani, kwa hedfoni nzuri, usiku, umeme upo, ili pale uwanjani sikio lako lijazie lisilolisikia. Hicho ndicho anachokifanya mtu anayeijua albamu. Anasikia zaidi ya kinachotoka kwenye spika.

Na @Binti_Malindi, Ngome Kongwe ina kuta za mawe pande zote na uwanja mdogo, kule hata usiyemjua unamsikia kucha zake kwenye nyuzi. Hapo una haki.

#26 Binti_Malindi
Hili la sikio kujazia nimelipenda. Bado nabakia na langu, lakini nimelipenda.

#27 ChakeMpya
Tuelezeni basi kwa nini walibadilika. Nimesikiliza ya kwanza na ya 2018 mfululizo, sikuamini ni watu wale wale.

#28 DaktariWaFlashi
Pesa na Los Angeles. Mwimbaji Alex Turner alihamia Marekani, akafuga nywele, akapaka mafuta.

#29 MpembaUghaibuni
Ni kinanda. Alipotimiza miaka 30 meneja wao alimpa zawadi ya piano ya Steinway. Akakaa nayo nyumbani, nyimbo za 2018 akazitungia hapo. Mtu aliyezoea gita ukimpa kinanda vidole vinakwenda pengine na wimbo unatoka pengine. Hata kisa cha albamu ile kiko mwezini, hoteli iliyojengwa pale walipotua Apollo 11.

#30 MaalimWaQanuni
Kinanda hakitoshi. Kabla ya hapo Turner alikuwa na bendi ya pembeni, The Last Shadow Puppets, pamoja na Miles Kane, albamu ya 2008 na nyengine 2016. Huko ndiko walikojaza fidla tele. Mwanangu alinisikilizisha, nikamwambia hawa wanataka kuwa na takhti kubwa, kundi la wapigaji kama letu la taarab. Zile fidla za The Car, KikwajuniJuu, zilianza miaka 14 nyuma.

#31 FundiMitambo_Mlandege
Na mimi nasema zaidi ya yote ni jangwa. Humbug ya 2009 walikwenda kurikodi California, jangwani kule Joshua Tree, na Josh Homme wa Queens of the Stone Age. Hapo ndipo walipopunguza mwendo, gita likawa zito, sauti ya mwimbaji ikashuka chini. Sikiliza ya 2007, kisha Humbug, hapo hapo utauona mlango. Wengi wanairuka albamu hii, na bila ya hii hakuna AM.

#32 DaktariWaFlashi
Humbug nzima haikufanywa na Homme. Mtayarishaji James Ford naye yumo, na ndiye aliyewashika tangu 2007. Kama ni mtu mmoja wa kulaumiwa au kusifiwa, ni Ford. Wao walikua, Ford akawa anawafuata.

#33 FundiMitambo_Mlandege
Sijasema nzima. Nimesema mlango.

#34 NahodhaMkokotoni
Jamani watu wanakua tu. Walianza wana miaka 19, 20, wakiimba foleni za kuingia disko na madereva wa teksi. Mtu wa miaka 36 akiendelea kuimba foleni ya disko mkewe atamuuliza.

#35 MwalimuWaShamba
Kwa hilo la @NahodhaMkokotoni niongeze. Mimi nasomesha Kiingereza sekondari, na nyimbo za albamu ya kwanza nimezitumia darasani kidato cha nne. Yule kijana anaimba kwa lafudhi ya kwao, hajaisafisha. Ni sawa na mtu wa Makunduchi asimame jukwaani mjini aimbe Kikae chake bila kuomba radhi. Ndani yake mna mlinzi wa mlangoni, msichana aliyenuna, polisi, teksi za usiku. Kila kitu kina jina la mtaani. Wanafunzi hawakuyapata maneno kwa mara ya kwanza, hata mimi nilikaa na maandishi mbele. Ukishayapata, unaiona mitaa.

Baada ya hapo maneno yanakuwa mafumbo. The Car ni mafumbo matupu, unaweza kuisoma mara nyingi na kila mara ukatoka na kingine. KikwajuniJuu, kama lengo lako ni kuimba, chukua maandishi ya nyimbo za kwanza uyasome kwa sauti, taratibu, halafu weka wimbo. Anaimba haraka sana, bila hivyo utabaki unatikisa mdomo.

#36 BwejuuUpepo
Mbona hakuna aliyesema kuwa 2006 walipewa Tuzo ya Mercury? Tuzo ya mtoto wetu Freddie, mzaliwa wa Mji Mkongwe! Kila bendi ya roki ikishinda Uingereza inashikishwa jina la Zanzibar.

#37 MpembaUghaibuni
Tuzo walipata kweli, 2006. Lakini jina la tuzo halimhusu Freddie. Ilianza 1992 na iliitwa kwa kampuni ya simu iliyokuwa ikiidhamini, Mercury Communications.

#38 BwejuuUpepo
Freddie alizaliwa 1946. Hiyo kampuni ya simu ilikuwa wapi?

#39 MpembaUghaibuni
Na jina la Mercury alijipa mwenyewe ukubwani, alizaliwa Farrokh Bulsara. Bwana, na mie ningependa iwe yake, lakini siyo.

#40 BwejuuUpepo
Mimi watalii wakija nawaambia ni yake. Wanafurahi.

#41 MwalimuWaShamba
Usiwaambie hivyo. Nyumba ya makumbusho yake ipo Shangani tangu 2019, yaliyo kweli yanatosha kabisa.

#42 ChakeMpya
Turudini. Kuna mtandao wa setlist.fm, watu wanaandika kila onyesho nyimbo zilizopigwa, kwa mpangilio. Ziara hii wako njiani tangu mwaka jana. Anachukua maonyesho ya karibuni, anaona zipi zinarudi kila siku, anazisikiliza hizo kama ishirini hivi, kwisha. Albamu saba za nini?

#43 Binti_Malindi
Astaghfirullah. Hiyo ni kufungua sahani kabla ya wageni kukaa. Ajue mpaka wimbo wa kufungia?

#44 FundiMitambo_Mlandege
Mimi kwenye kazi karatasi hiyo ninayo mkononi kila siku na ladha haijanitoka.

#45 Binti_Malindi
Wewe unalipwa, fundi.

#46 MpembaUghaibuni
Karatasi itamsaidia kwa jambo moja: wakati wa kwenda kusali. @KikwajuniJuu mwambie dada yako aitazame, wewe usiitazame. Yeye akikwambia "sasa", unatoka.

#47 KikwajuniJuu (24 Mei)
Hili ndilo jibu nililolipenda kuliko yote. Dada ameshakubali.

Nimeimaliza AM. Maalim, kumbe ule wimbo wa TikTok ukiusikia mwisho wa albamu, baada ya nyengine zote, si ule ule. Mtu mzima usiku kucha anajifanya hajali, anapiga simu saa za ajabu, anazunguka, halafu mwishoni anavua kila kitu na kuomba. TikTok walinipa kuomba bila ya usiku wake. Jana nikaingia ya 2007. 505 nimeipiga mpaka mama akagonga mlango.

Humbug ni ya leo. Ya kwanza nimeiweka mbele yangu na maandishi yake kama alivosema Mwalimu, na ni kazi kweli, yule bwana hapumui.

@FundiMitambo_Mlandege tiketi yetu ni ya kusimama. Tusimame wapi?

#48 FundiMitambo_Mlandege
Usende mbele kabisa, huko utasikia ngoma na magita ya jukwaani na sauti ya mwimbaji itakupita juu. Itafute meza ya mafundi, ile banda dogo lililojengwa katikati ya watu, lenye taa na watu wasiocheza. Simama mbele yake kidogo, karibu na mstari wa kati. Yule fundi anapanga sauti ya uwanja mzima kwa sikio lake, basi wewe simama kwenye sikio lake. Na nunua vizibo vya masikio, vile vya wanamuziki vinavyoshusha sauti bila kuifunika. Ukitoka bila ya mlio masikioni utanikumbuka.

#49 DaktariWaFlashi
Suck It and See ya 2011 mbona hakuna aliyeitaja? Ina nyimbo tamu kuliko zote, na hamna hata mmoja.

#50 MpembaUghaibuni
Kwa sababu iko katikati, kama mtoto wa tatu kati ya watano.

#51 DaktariWaFlashi
Mtoto wa nne kati ya saba, hesabu vizuri. Na ndiyo ambayo magita yake yanang'ara, unaweza kuisikiliza umekaa Forodhani alasiri. @KikwajuniJuu usiiache. Ukipita Darajani nakuwekea zote kwenye flashi, bure, za ubora wa juu, si zile zilizobanwa. Njoo na flashi ya 8, usije na hizo za maji.

#52 GoonerMichenzani
Na skafu yangu usisahau. Saizi haina tatizo.

#53 Binti_Malindi
KikwajuniJuu, basi nikuombe moja tu. Ibakishe moja. Albamu moja yoyote usiifungue mpaka uwe umesimama pale. Nionee mimi ipi imekuingia zaidi, uliyoisoma au uliyoikuta.

#54 MaalimWaQanuni
Asibakishe. Bibi hendi kutunza wimbo asioujua.

#55 Binti_Malindi
Maalim, mwakani ukija Busara ntakukalisha mbele, halafu tutaongea.